Dawa Nyingi Uzeeni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kumeza, Kupunguza na Kuacha

Maswali haya nimeyakusanya dirishani. Mimi ni mfamasia hapa Tanzania, na kwa miaka mingi nimewahudumia wazee wa kliniki ya presha na kisukari, pamoja na watoto na wajukuu wanaowasindikiza. Mengi huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya mzee kugeuka kutazama kama kuna anayesikia. Nimeyaandika yalivyoulizwa na kuyajibu kama ninavyoyajibu kila siku. Popote niliposema dawa fulani huweza kupunguzwa, nina maana ya kupunguzwa kwa makubaliano na anayekutibu. Usikate dawa leo usiku kwa sababu umesoma hapa.

## Mambo ya msingi

1. Dawa ngapi ndiyo nyingi?

Wataalamu wengi huanzia hesabu kwenye dawa tano kwa siku. Mwenye presha na kisukari hufika hapo upesi sana: amlodipini na losatani za presha, metformini na glibenklamidi za sukari, aspirini ya "kulainisha damu". Akiongeza ya magoti na ya tumbo zimeshakuwa saba.

Idadi peke yake haitoshi kuhukumu. Wapo wazee wanaomeza nane na kila moja ina kazi yake. Wapo wenye tatu tu, na moja kati ya hizo ndiyo inayowaangusha usiku wakienda chooni. Cha kuuliza ni kila kidonge kinafanya kazi gani, na kama kazi hiyo bado inahitajika. Kama huwezi kulijibu hilo kwa kidonge fulani, basi tuanzie hapo, na kosa si lako. Mara nyingi hakuna aliyekueleza.

Hesabu pia zile ambazo watu hawazihesabu: ya maumivu uliyonunua dukani, vitamini, dawa ya kikohozi, unga wa majani unaouchanganya kwenye uji. Hata matone ya macho. Timololi ya presha ya macho huingia kwenye damu na inaweza kupunguza mapigo ya moyo, hasa kwa mtu anayemeza pia atenololi ya presha.

2. Mbona nimezimeza hizihizi miaka kumi bila tatizo?

Dawa ni ileile, mwili ndio uliobadilika. Figo za mtu wa miaka 75 hazichuji kama za mtu wa 45, kwa hiyo dawa inayotoka kwa mkojo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Maji ya mwili hupungua na mafuta huongezeka kwa uwiano, na dawa inayojificha kwenye mafuta, kama diazepamu ya usingizi, inaweza kuchukua siku nyingi kutoka. Kidonge cha juzi bado kipo wakati unameza cha leo. Ubongo nao hulewa haraka kuliko zamani.

Jambo moja ambalo familia hazilijui: kipimo cha figo cha kreatinini kinaweza kuonekana kizuri kwa mzee mwembamba hali figo zimechoka, kwa sababu kreatinini hutokana na misuli na yeye misuli imekwisha. Ndiyo maana hesabu inatakiwa iingize umri, na mara nyingi uzito pia. Ni halali kabisa kuuliza, "Daktari, umepiga hesabu ya figo kwa umri wangu?"

3. Tuliambiwa presha na kisukari ni dawa za maisha. Iweje sasa mseme kupunguza?

Kinachodumu maisha ni ugonjwa na uangalizi wake. Dozi hubadilika. Mzee aliyeandikiwa dawa akiwa na kilo 80, akila sahani mbili za ugali, leo ana kilo 62 na anakula vijiko vichache. Presha yake akisimama ni 100 kwa 60 na macho yanaingia giza. Huyo dozi yake lazima itazamwe upya, kama ilivyotazamwa zamani ilipokuwa ikiongezwa.

Wengi wataendelea kuhitaji dawa fulani ya presha au sukari mpaka mwisho. Kupunguza hakumaanishi kuacha zote.

## Yaliyo moyoni

4. Nimechoka kumeza. Nikimwambia daktari hivyo, si ataniona mkaidi?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi aliyeniuliza ametoka chumba cha daktari dakika tano zilizopita bila kulitamka. Tumelelewa kumheshimu mganga. Daktari akiuliza "dawa unameza vizuri?", mzee hujibu "ndiyo, mwanangu", hata kama nusu ya vidonge viko kwenye droo. Anaona kusema kweli ni kumvunjia heshima aliyehangaika naye, au anaogopa kufokewa mbele ya wagonjwa wengine.

Kuchoka kwako ni habari ya kitabibu. Daktari anaihitaji kama anavyohitaji kipimo cha presha. Na hauko peke yako. Marekani, utafiti uliochapishwa 2018 uliwauliza karibu wazee 2,000 wenye miaka 65 na zaidi kuhusu dawa zao. Asilimia 92 walisema wako tayari kuacha dawa moja au zaidi endapo daktari wao ataona inawezekana, na theluthi mbili walitamani idadi ipungue. Wale ni wa Marekani, wana bima na mifumo yao, lakini ninavyowasikia wazee wangu dirishani, hisia ni hiyohiyo: niko tayari, ila nasubiri yeye aanze. Naye daktari anakuona umenyamaza, anadhani umeridhika.

Jinsi ya kulianza jambo hilo ukiwa ndani iko kwenye swali la 12.

5. Niliacha mwenyewe miezi miwili iliyopita na najisikia vizuri. Kwa nini nirudi?

Kwanza ahsante kwa kusema. Presha iliyopanda mara nyingi haiumi, kwa hiyo kujisikia vizuri si kipimo. Wapo waliojisikia vizuri mpaka asubuhi mkono mmoja ulipokataa kunyanyuka. Nenda ukapime, siku tofauti, ukiwa umekaa umetulia.

Kuna hatari nyingine ambayo watu hawaifikirii. Wewe umeacha kimya, kwenye kadi imeandikwa unameza. Unafika kliniki, presha iko juu, daktari anasema "dawa mbili hazimtoshi", anaongeza ya tatu. Siku unalazwa kwa malaria au nimonia, muuguzi anasoma kadi na kukupa zote tatu kwa uaminifu kabisa. Mwili uliokwishazisahau unapokea dozi nzima kwa mkupuo, presha inaporomoka, na unaanguka ukiwa wodini.

Kwa sababu hiyohiyo usirudie zote siku moja ukiwa peke yako nyumbani. Sema ukweli, upangiwe upya. Ikionekana kweli miezi miwili bila dawa presha imekaa pazuri, hiyo ni habari njema, na itaandikwa kwenye kadi.

6. Mama hataki kuachishwa hata kidonge kimoja. Tufanye nini?

Bibi mmoja alinijia na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na bahasha ndogo za dawa zimepangwa kama barua, nyingine maandishi yamefutika. Daktari alikuwa ameondoa omeprazoli, dawa ya tumbo, aliyoimeza miaka sita. Bibi hakubishana naye. Alikuja kwangu kununua ileile. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia, "Mwanangu, mume wangu waliyemwondolea dawa hakumaliza mwezi." Mumewe alikuwa na saratani iliyokwishaenea. Lakini kwake yeye, kuondolewa dawa na kufiwa ni tukio moja.

Basi msianze na hoja. Anzeni kwa kumuuliza dawa hiyo ina maana gani kwake. Kwa wengine kidonge ni ushahidi kwamba bado anatunzwa. Kwa mwingine ni kumbukumbu ya daktari aliyemwokoa mwaka ule. Ukishajua hofu iko wapi, pendekeza moja tu, ile asiyoipenda yeye mwenyewe, kwa muda unaojulikana: "Tujaribu wiki nne, mama, ikikusumbua tunairudisha." Ahadi ya kurudisha iwe ya kweli. Msimfiche, na msimtolee vidonge kimyakimya kwenye kopo, kwa sababu akigundua hatakuamini tena hata kwa dawa anazozihitaji kweli.

Bibi yule tulikubaliana ameze siku moja na kuruka moja kwa wiki kadhaa, daktari akijua, na kopo abaki nalo yeye. Baadaye aliacha mwenyewe, na hajairudia.

7. Daktari akinipunguzia dawa, maana yake amenikatia tamaa?

Hapana. Kupunguza ni kazi ya tiba, na ina ugumu wake kuliko kuongeza. Daktari anayeondoa dawa anabeba jukumu la kukufuatilia, wakati kuendelea kuandika ileile ni rahisi.

Ila naielewa hofu, kwa sababu mara nyingi tunaondoa bila kueleza. Una haki ya kuuliza mambo matatu: kwa nini hii, nitegemee nini ikiisha, nirudi lini. Daktari aliyepanga vizuri atakuwa na majibu yote matatu.

## Dawa zenyewe

8. Zipi zisikatwe ghafla hata siku moja?

Hapa nawaomba msome polepole.

Atenololi, propranololi na ndugu zake: ukizikata ghafla mapigo huenda mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata maumivu makali ya kifua au shambulio la moyo. Hupunguzwa taratibu. Prednisoloni, dawa ya homoni ya kutuliza uvimbe, ukiwa umeimeza zaidi ya wiki tatu: mwili umeshalala, hautengenezi homoni yake ya kutosha, na kukata ghafla kunaweza kuua. Kuwa mwangalifu hapa, maana prednisoloni nyingine huingia ndani ya mchanganyiko wa "dawa ya mifupa" ambao mzee haujui jina. Dawa za kifafa kama kabamazepini na fenobabitali: degedege linaweza kurudi kwa nguvu. Diazepamu na dawa za usingizi za aina hiyo, ulizozizoea: huchukua wiki, pengine miezi, kushuka. Insulini kwa anayeitegemea haikatwi. Warfarini na dawa za kuzuia damu kuganda haziachwi bila daktari kusema, wala haziongezwi dawa nyingine bila yeye kujua. ARV, dawa za VVU, nazo: angalia swali la 19.

9. Na zipi ndizo za kwanza kutazamwa?

Kama ningefungua mfuko wa mzee leo, macho yangu yangeanza na diklofenaki ya maumivu. Inanunuliwa kama pipi. Hupandisha presha, hukwaruza tumbo mpaka likatoa damu, na huumiza figo. Mzee anayemeza losatani au enalaprili ya presha pamoja na dawa ya kukojoza, akiongeza diklofenaki ya magoti, figo zake zimebanwa pande tatu kwa wakati mmoja. Akiharisha siku mbili juu ya hapo, zinaweza kusimama. Kwa magoti kuna parasetamo kwa kipimo, kuna dawa ya kupaka, kuna mazoezi ya kunyanyua mguu ukiwa umekaa kwenye kiti.

Halafu glibenklamidi. Hushusha sukari kwa muda mrefu, na mzee aliyeruka mlo anaweza kuamka amechanganyikiwa, jasho linamtoka, familia ikadhani ni kiharusi au mambo ya kishirikina. Metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Wataalamu wa Marekani wa afya ya wazee, ambao orodha yao ya dawa za kuogopwa uzeeni ilianza mwaka 1991, wanaitaja glibenklamidi miongoni mwa za kuepuka.

Dawa za usingizi na Piriton huja baada ya hizo. Piriton inaonekana dawa ndogo ya mafua, lakini kwa mzee huleta usahaulifu na kuyumba, na kwa baba mwenye tezi dume inaweza kuziba mkojo kabisa. Omeprazoli hutolewa wiki nne hadi nane kwa wengi, kisha husahauliwa miaka. Ukiiacha, kiungulia kinaweza kurudi kwa nguvu wiki moja mbili za kwanza kisha kitulie, ndiyo maana ni bora kupunguza taratibu. Wapo wanaoihitaji muda mrefu kweli, kwa mfano aliyewahi kutokwa damu tumboni na bado yuko kwenye aspirini.

10. Nimesikia dawa moja inazaa nyingine. Ni kweli?

Ni kweli, na nikiangalia mifuko mingi naona ukoo mzima. Baba anaanza amlodipini, miguu inavimba. Anaonekana ana maji, anaandikiwa Lasix ya kukojoza. Uvimbe wa amlodipini haupungui sana kwa Lasix, ila potasiamu inashuka, misuli inakakamaa usiku, anaamka mara nne kukojoa. Anapewa ya misuli. Usingizi umekatika, anapewa ya usingizi. Anaanguka. Dawa tatu zimezaliwa na miguu iliyovimba, ambayo ingetosha kupunguza dozi ya ile ya kwanza au kuibadilisha.

Mwingine ni kikohozi kikavu cha enalaprili au kaptopurili. Chupa tatu za dawa ya kikohozi, antibiotiki mara mbili, kipimo cha kifua kikuu, na chanzo kiko kwenye kidonge cha asubuhi. Kubadilisha kwenda losatani kwa kawaida hukimaliza, ingawa kikohozi kinaweza kuchukua wiki kadhaa kuisha.

Kwa hiyo dalili mpya ikimpata mzee, kabla ya kununua chochote, jiulize ni dawa gani iliyoanza au kuongezwa dozi kabla yake.

11. Aspirini ndogo ya kila siku, niendelee?

Inategemea kama umewahi kupata shambulio la moyo, kiharusi cha kuziba mshipa, au umewekewa chuma cha kupanua mshipa wa moyo. Kama ndiyo, kwa kawaida unaendelea, na usiiache bila daktari wako.

Kama hujawahi, na uliianza kwa sababu jirani alisema inalainisha damu, hali ni tofauti. Utafiti mkubwa wa Australia na Marekani uliotangazwa 2018 uliwafuatilia zaidi ya wazee 19,000 wenye afya, wengi wao wenye miaka 70 na zaidi. Aspirini haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, ila ilizidisha kutokwa damu. Peleka swali hilo kliniki safari ijayo.

## Kliniki, dukani na mfukoni

12. Daktari ana foleni ndefu. Niseme vipi kwa dakika nilizo nazo?

Sema mwanzo, kabla hajashika kalamu. Wazee wengi husubiri mpaka mlangoni, mkono kwenye kitasa, na wakati huo cheti kimeshaandikwa. Maneno haya yanatosha: "Daktari, dawa zimekuwa nyingi. Naomba leo tuangalie kama kuna moja ya kupunguza." Kama kuna uliyoiacha, itaje kwa jina au kwa kuionyesha, na useme kwa nini: inanipa kizunguzungu, inanikojoza safarini, nimeshindwa bei.

Mwanao akikusindikiza, akae upande, ajazie pale utakaposahau. Nawaomba watoto: msimjibie mzee aliye hai na mwenye akili timamu.

13. Nilete nini?

Vyote. Weka kila kitu kwenye mfuko mmoja, pamoja na chupa, mafuta ya kupaka, unga wa mizizi na kadi za hospitali zote unazotibiwa. Usivipange upya ili vionekane vizuri, tunataka kuviona vilivyo. Tukivimwaga mezani ndipo tunapokuta amlodipini mbili kutoka hospitali mbili, au bahasha iliyoandikwa "1x2" bila jina.

14. Vidonge vimebadilika rangi. Ni dawa mpya?

Huenda ni ileile kutoka kiwanda kingine. Mwezi huu nyeupe ya duara, mwezi ujao ya njano ndefu. Wazee humeza zote mbili, ya zamani imebaki na mpya imeanza, kwa hiyo dozi imekuwa maradufu. Jifunze jina, si rangi. Ukishindwa kusoma, mwombe mjukuu aandike jina kubwa kwa kalamu nene kwenye bahasha, na useme dirishani, "Hii na ile ya mwezi uliopita ni moja?"

15. Duka la dawa la mtaani linaweza kunishauri niache au nibadilishe?

Duka la dawa muhimu linaweza kukutambulisha dawa uliyoshika na kukuelekeza hospitali. Kukuachisha dawa ya kliniki si kazi yake. Mtoa dawa mzuri utamjua kwa maswali: atakuuliza unameza nini kingine kabla ya kukuuzia ya maumivu. Dawa ikikuletea madhara mabaya, mwambie mhudumu wa afya, maana Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, hupokea taarifa hizo.

16. Pesa haitoshi. Nimekuwa nikimeza siku moja, naruka moja.

Hilo si aibu. Ni kupunguza dawa kunakofanywa na umaskini, na ndiko kunakopunguza zile zisizotakiwa kupungua. Ukisema, tunaweza kupanga kinyume chake: tuondoe vitamini na omeprazoli isiyo na kazi, pesa hiyo inunue ya presha kila siku. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuanzia miaka 60, na wazee wasiojiweza wana msamaha wa kuchangia matibabu kwenye vituo vya serikali. Ulizia dirisha la wazee na ustawi wa jamii. Dawa ikiwa haipo kituoni, uliza kama ipo nyingine inayofanya kazi hiyohiyo.

Kumeza ya jirani kwa sababu "naye ana presha" ni hatari. Presha ni jina moja, dawa zake ni nyingi.

## Hali za pekee

17. Natumia mlonge, mwarobaini na kitunguu saumu. Niache ipi, ya asili au ya hospitali?

Anza kwa kuyasema. Sikukatazi chakula. Kitunguu saumu cha mchuzi hakina neno, lakini punje nyingi mbichi kila asubuhi kwa anayemeza warfarini huongeza hatari ya damu kutoka. Majani yanayoshusha sukari yakikutana na glibenklamidi yanaweza kuishusha mno.

Kuacha ya hospitali kwa sababu umepata ya asili ndiko kulikotuumiza. Wanaokumbuka mwaka 2011, kikombe cha dawa ya kienyeji cha Loliondo cha shilingi 500, wanakumbuka pia wagonjwa walioweka pembeni vidonge vya kisukari na ARV wakiamini wamepona. Kama unaamini tiba fulani imekusaidia, pima ukiwa bado unameza. Vipimo vikishuka, dozi itafuata.

18. Ramadhani inakaribia. Dawa zangu zitakaaje?

Nenda kliniki wiki kadhaa kabla, usingoje mwandamo. Za mara moja kwa siku nyingi huhamia futari au daku bila shida. Za kukojoza ni afadhali zisiliwe daku. Glibenklamidi na insulini zinahitaji kupangwa upya, na wapo ambao daktari atawaambia kufunga ni hatari kwao. Dini imemruhusu mgonjwa, na imamu wako atakuthibitishia. Sukari ikishuka mchana, fungua. Usiruke dawa za mchana kwa siku 30 kisha uzirudie zote siku ya Idi.

19. Nina miaka 68, niko kwenye ARV, na sasa nimeongezewa ya kisukari. Nipunguze ARV?

ARV hazipunguzwi wala kuachwa kwa kujiamulia. Lakini lazima kliniki hizi mbili zijuane. Dolutegravi, iliyo ndani ya kidonge wanachotumia wengi sasa, huongeza kiwango cha metformini kwenye damu, kwa hiyo metformini kwa kawaida haitakiwi kuzidi miligramu 1,000 kwa siku. Vidonge vya chuma, kalisiamu na dawa za kupoza asidi ya tumbo huizuia dolutegravi kufyonzwa. Imeze dolutegravi saa mbili kabla ya hizo au saa sita baada ya hizo.

Najua kwa nini wazee huficha kadi ya CTC (kliniki ya VVU) wakienda kliniki ya kisukari. Kama huwezi kusema mbele ya watu, mwombe daktari faragha. Hilo ombi hukubaliwa.

20. Watoto walioko nje wananitumia vitamini na mafuta ya samaki. Nimeze?

Ni mapenzi, na wazee huona kutomeza ni kumkosea mtoto. Zipige picha umtumie mfamasia wako kabla ya kufungua. Vitamini B12 ina maana kwa aliyemeza metformini miaka mingi na miguu inachoma, kwa sababu metformini huweza kuishusha. Nyingi nyingine hazina kazi kwa anayekula mchicha, dagaa na maharage. Na ninyi mlioko Muscat, London au Toronto: tumeni nauli ya kliniki na pesa ya kipimo cha figo.

21. Baba amepoteza kumbukumbu na yuko kitandani. Tuendelee kumpa zote?

Hapa malengo hubadilika. Dawa ya kuzuia kiharusi cha miaka kumi ijayo ina uzito mdogo kwa mtu anayemeza kwa shida na kupaliwa. Za maumivu, za kupumua na za kumtuliza hubaki. Marekani, mwaka 2015, ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 381 waliokuwa na muda mfupi wa kuishi: walioachishwa dawa ya lehemu hawakuonekana kufa zaidi ndani ya siku 60 kuliko walioendelea, na walieleza maisha yenye nafuu zaidi.

Uamuzi ufanyeni pamoja, familia na daktari, mkikumbuka alichopenda baba alipokuwa na kauli. Msimwachie mmoja kati yenu, hasa binti anayemlaza na kumwogesha, abebe lawama baadaye. Na msisage kidonge kwenye uji bila kuuliza, kwa sababu vidonge vingine vimetengenezwa kuachia dawa polepole, na ukivisaga dozi yote hutoka mara moja.

22. Tumekubaliana na daktari, tumeondoa moja. Tuangalie nini?

Moja kwa wakati, ili likitokea jambo mjue limetoka wapi. Andikeni tarehe kwenye kalenda ya ukutani. Kwa ya presha, pimeni mara mbili kwa wiki kwa mwezi, akiwa amekaa na kisha amesimama. Kwa ya sukari, pimeni asubuhi kabla hajala. Kwa ya usingizi, tegemeeni usiku mbaya kadhaa, ni kawaida. Rudini haraka akipata maumivu ya kifua, pumzi fupi, udhaifu wa upande mmoja, degedege, au kuchanganyikiwa ghafla.

Angalieni na mazuri, maana huwa hatuyaandiki: ametembea mpaka msikitini, amemaliza sahani, ameacha kushika ukuta.

23. Vidonge vilivyobaki nivifanyeje?

Usimpe jirani, usivitupe chooni wala shambani, na usiviweke "vitanisaidia siku moja". Kama nyumbani kuna wajukuu, harakisha: glibenklamidi moja tu inaweza kumzimisha mtoto mdogo. Vilete dirishani kwenye bahasha yake. Tutavihesabu pamoja, tutaandika kwenye kadi yako kwamba dawa hii imesimamishwa, tarehe na sababu, ili daktari wa zamu usiku asikuanzishie tena.